Pikapu ya Kuzungukia Pori

Kaka,

Hatujambo, ila baba atanitia wazimu. Msimu wa kuwinda unafunguliwa wiki ijayo, na mwenye eneo la uwindaji ameshasema kwamba baba asipopata gari la kuzungukia pori, kazi yake ya kulinda pori atapewa mtu mwingine. Leo ni mara ya nne tunakwenda yadi ya magari yaliyotumika. Pikapu ya kijani inanuka. Nyeupe itafukuza swala. Ya bluu, eti taa zake zimekaa kama macho ya mlevi.

"Mzee, hutafuti mchumba," muuzaji akamwambia. "Panda uijaribu."

Baba akaizunguka, akapiga teke tairi, akasema injini imechoka. Hata haijawashwa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba siku zote nne hajapanda hata moja. Zote ziko juu, na lile goti lake, Kaka, halikunjiki tena. Hajamwambia mtu, hata mama.

Unanijua, mbele ya watu sauti yangu hukwama. Lakini nilimwomba muuzaji achomelee kidato cha kukanyagia kwenye ile ya bluu, upande wa abiria, kwa sababu mimi ni mfupi.

Muuzaji alinitazama juu mpaka chini. Nimempita baba kichwa kizima.

"Watoto wa siku hizi," baba akasema, akiangalia tairi. "Haya, mwekee. Na upande wa dereva pia, vilingane."

Akikupigia simu kulalamika kwamba ninadeka, mkubalie.

Mdogo wako