Friji Mpya na Jiko Nililolibomoa

Dongobesh, Jumanne. Ukungu umeng'ang'ania hadi saa nne asubuhi. Nimechoka, na siyo kwa kazi.

Leo walikuja wanunuzi, mume na mke, wakulima kutoka Gitting. Nilikuwa nimejiandaa. Binti yangu Paulina, aliyeko Arusha, alisema nyumba yenye friji na jiko la gesi huuzika haraka. Nikasoma hayo hayo kwenye simu, nikaamini. Vyombo vikaletwa. Jiko la kuni la nje, lenye paa jeusi kwa moshi, nikalibomoa ili lisiharibu sura ya uwanja.

Mume alifungua friji, akafunga, akafungua tena aone taa ikiwaka. Mkewe alisimama dirishani, akitazama nje.

"Mwalimu, jiko la kuni liko wapi?"

"Tumeliondoa, mama. Gesi ni safi."

"Na mahindi ya mbegu nitayaning'iniza wapi? Humo kwenye friji?"

Mume akacheka. Mkewe hakucheka. "Friji ya nini kwenye baridi hii? Maziwa hapa yanapoa kabla sijawaita watoto."

Kila mavuno nimening'iniza mbegu juu ya moto ule, moshi uzilinde na wadudu.

Nilijua. Nilitaka tu nyumba ifanane na picha.

Wakati wa kuaga yule mke alinishika mkono. "Ukilisimamisha tena, tutanunua. Hivi ilivyo ni ya kulala tu."

Nauza ili nirudi Balangdalalu, tulikoondolewa nikiwa msichana, mashamba makubwa ya ngano yalipomeza malisho yetu. Nimepata kiwanja huko, na mwenyewe atanisubiri mpaka mavuno yaishe, si zaidi. Kwa umri wangu sitatafuta kingine.

Siku ile ya kuondolewa, mama alipakia mafiga yake matatu juu ya punda. Watu wakamcheka: mama, mawe yako kila mahali! Akaendelea kukaza kamba. Juu ya mafiga hayo ndipo nilipopikia hapa maisha yangu yote. Sasa yamelala kando ya uzio, meusi, yamelowa umande.

Friji Paulina ataichukua, akitaka.

Asubuhi nitaita fundi tusimamishe jiko, kuta na paa, na nitamtafutia yule mama mafiga mengine, mazuri.

Haya matatu yanarudi nami.