Vivutio Vinane na Dirisha Moja

Dirishani, tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba kobe mkubwa wa bwawa la juu amehama. Sasa anaishi upande wa pili wa bwawa lilelile. Uamuzi ameuchukua peke yake bila kuitisha kikao, na utekelezaji umemchukua siku nne, moja ikiwa ya mapumziko. Meneja ameagiza kibao chake kimfuate.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo wewe, hajambo mkwe wangu, hawajambo wajukuu? Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kujitegemea. Usihangaike kupiga simu. Huku mtandao unapatikana juu ya tangi la maji, na mimi na ngazi tumeachana kwa amani.

Barua yako nimeipata. Unasema mwaka huu mnafikiria kuja likizo huku, ninyi wote wanne, na mkwe wangu anauliza kuna nini cha kutazama. Kauliza pazuri. Nimekaa kwenye dirisha la tiketi miaka ishirini na miwili, watu nawaona wakiingia na sura moja na kutoka na nyingine.

Mwambie kwanza kuna mapango. Mnaingizwa kwa mashua hadi kwenye maji ya buluu, kisha mpiga kasia anazima taa na hakuna anayeruhusiwa kusema kitu kwa dakika tatu. Wanandoa walionuniana tangu nyumbani hutoka humo wameshikana mikono. Sijui kinachotokea, sijawahi kuuliza. Kuna nyumba ya vioo ya vipepeo, joto lake kama la sufuria iliyofunikwa, na ukivaa nguo nyekundu unatoka umevaa na vipepeo. Kuna chemchemi ya maji moto. Kuna treni ndogo inayopita katikati ya michungwa, na penye kona hupunguza mwendo kiasi cha mtu kuchuma chungwa moja kupitia dirishani. Kampuni inajua, inajifanya haijui. Na mamba wetu hulishwa saa tisa alasiri. Mlisha Mamba ni mtu mzima wa miaka hamsini na vidole vyake kumi vyote vipo, jambo linalowafanya wageni wengi wajione wamepunjwa.

Njooni Septemba. Baridi itakuwa imeondoka na mvua haijafika. Oktoba mapango hujaa maji, tunafunga mpaka mwakani.

Wasalimie. Huyo mdogo mwambie bibi yake anamjua kwa picha, na kwamba kwenye picha haonekani kuwa mtu wa kukaa kimya dakika tatu.

Mama yako


Tarehe 11 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa kazi imenishika shingoni. Nisamehe kuchelewa kujibu.

Barua yako niliwasomea wakati wa kula. Mdogo, ambaye sasa tunamwita Swali kwa sababu unazozifahamu, anataka kujua mamba ana meno mangapi na nani aliyemhesabia. Dada yake anataka vipepeo.

Sasa, mama, nikuambie ukweli. Mke wangu ameonyeshwa na wenzake kazini sehemu nyingine, hoteli ya ufukweni yenye mabomba ya watoto kuteleza mpaka majini. Anasema mapango yapo mengi duniani na mamba ni mamba. Hana ubaya, likizo yenyewe tunaipata mara moja kwa miaka kadhaa na anataka isipotee bure. Ameniambia nikuulize hivi: kuna kitu huko ambacho hakipo kwingine?

Nijibu nipate cha kumwambia.

Mwanao


Dirishani, tarehe 16 Juni

Mwanangu,

Hamjambo. Mimi sijambo. Barua yako imefika asubuhi na gari la posta, hii naiandika huku foleni inanitazama.

Mwambie mkwe wangu kwamba swali lake ni la haki kabisa. Kitu ambacho hakipo kwingine: pango letu ukiliita jina linajibu mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti yako, mara ya pili kwa sauti ya mtu mzee zaidi. Halafu kobe niliyekutangazia ana miaka mia moja na tisini. Kuna daraja la kamba juu ya korongo, linalotikisika hata asipopita mtu. Na kuna ua wa miti, ni njia zilizofungwa kwa majani pande zote, watu hupotea humo hadi nusu siku. Mwaka juzi kuna mwalimu mkuu alitolewa kwa kuitwa na kipaza sauti. Jumla ni vivutio vinane vya kampuni, vimetawanyika mkoa mzima, na hakuna hoteli ya mabomba yenye vinane.

Kingine, si habari kubwa. Meneja ametukusanya na kutuambia mashine ya kuuza tiketi imeshaagizwa. Mgeni ataingiza kadi, tiketi itatoka. Nikamuuliza mashine itamwambia nani kwamba mtoto wake amevaa viatu vya kulia na kushoto kinyume. Akasema hilo halimo kwenye mkataba.

Kwa hiyo njooni msimu huu, msingoje ujao.

Mama yako


Dirishani, tarehe 23 Julai

Mwanangu,

Hamjambo? Nauliza kwa dhati, maana wiki tano zimepita na sanduku langu la barua linapokea hewa tu.

Labda nimeandika mengi kupita kiasi, basi nipunguze. Pango hujibu mara moja, kama mapango yote. Umri wa kobe uliamuliwa kwenye kikao, nilikuwepo, kulikuwa na waliotaka mia mbili na hamsini. Mwalimu mkuu alipotea dakika ishirini. Mengine yote ni kweli.

Nilichoita si habari kubwa ndicho hiki. Msimu ukiisha, tarehe thelathini Septemba, narudisha ufunguo wa dirisha pamoja na ufunguo wa nyumba, kwa kuwa nyumba ni ya kampuni. Nitakwenda kwa dada yangu mkubwa. Unakujua huko, siku mbili ndani ya basi na nusu ya tatu kwa miguu. Huko watu hawaendi likizo. Hata waliozaliwa huko hawaendi. Wala usiniambie nije kwenu, vyumba vyenu nimevihesabu kwenye picha.

Miaka minane sasa, tangu tulipomzika baba yako. Wakati ule mkubwa alikuwa wa kubebwa, na huyu Swali hakuwepo hata kwenye mazungumzo. Kila familia inayosimama mbele ya dirisha hili naangalia kwanza masikio ya baba. Yako yanajulikana. Jana alikuja mmoja mwenye masikio ya namna hiyo, nikamtolea tiketi za watoto wawili kabla hajasema kitu. Alikuja peke yake. Ilibidi nimwombe radhi.

Uliniuliza kuna nini huku ambacho hakipo kwingine. Nilikuwa na jibu, mwanangu, lakini mtu hawezi kujitaja mwenyewe kwenye orodha ya vivutio. Nikaandika pango.

Njoo. Mkikosa nafasi ya kulala, mimi nitalala dirishani, kiti nimekizoea.

Kipepeo mmoja ametoroka nyumba ya vioo, amefika na gari la kampuni na ameingia humu kwangu. Nimeshindwa kumtoa.

Mama


Tarehe 19 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Usinihesabie siku, nilitaka niandike nikiwa na jambo la uhakika mkononi.

Tunakuja. Nimemsomea mke wangu barua yako yote, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Aliporudi akasema mabomba yatangoja. Shida ikawa hivyo vivutio vinane. Vimetawanyika mno, na siku nilizopewa kazini ni tatu tu. Tumepiga hesabu ya barabara tukaona kwa usafiri wetu wenyewe tungeviona vinne. Watoto hawakukubali kuacha hata kimoja, kwa jinsi ulivyoviandika. Kwa bahati kuna kampuni ya safari inayovipitisha vyote. Nimeshalipia. Tarehe kumi na moja hadi kumi na tatu Septemba, na siku ya kumi na mbili ndiyo ya hapo kwako, mapango na mamba.

Swali amejifunza kukaa kimya. Amefika sekunde arobaini.

Tutaonana, mama.

Mwanao


Dirishani, tarehe 25 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Hamjambo, msije mkapata hata mafua kabla ya tarehe kumi na mbili. Mimi sijambo, goti limesikia habari na limenyooka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi karatasi imelegea. Nimenunua gauni la kijani. Muuzaji akaniuliza ni la sherehe gani, nikamwambia ni la kazini, akanitazama. Kioo cha dirisha nimekisugua kwa maji ya ndimu na gazeti. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili wageni wananiona mimi na si vidole vyao wenyewe.

Mlisha Mamba nimemwambia. Anasema siku hiyo atamtupia mamba nyama kwa mkono wa kushoto, ambao hautumii sana, ili watoto wafurahi. Mpiga kasia ameahidi kuongeza dakika moja ya giza. Hata Meneja amejua. Ameniuliza kama nataka ruhusa siku hiyo, nikamwambia hapana. Nataka wanione nikiwa kazini. Huyo mkubwa aone bibi yake ana muhuri na droo yenye ufunguo.

Mkifika msiseme kitu. Jipangeni kwenye foleni kama watu wengine. Nitawajua.

Mama yako


Tarehe 26 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo, mama. Watoto wazima. Nimeianza barua hii mara tatu.

Najua ulitungoja. Nikueleze ilivyokuwa, kisha useme utakalo.

Tulishuka kwenye basi siku ile ya kumi na mbili saa nane kasoro, watu thelathini na sita, na kiongozi wa msafara mwenye kofia ya njano na filimbi. Tiketi alikuwa nazo zote mkononi, tukapita getini bila kusimama. Nikatafuta dirisha, sikuliona. Nikamwambia, "Samahani kaka, mama yangu anafanya kazi hapa, kwenye tiketi." Akaniuliza, "Yuko kwenye ratiba?" Hakuwa na kejeli, mama. Aliitazama karatasi yake mbele na nyuma. Akasema, "Sisi tunaingilia huku. Tiketi ni upande ule. Tukimaliza mapango utakuwa na nafasi."

Tukaenda mapangoni. Swali akanyamaza mwanzo hadi mwisho, dakika zote nne, sijui ni hofu au ni heshima. Kutoka hapo filimbi ikalia, ni saa ya mamba. Mke wangu akanivuta shati. "Nenda kwa mama sasa hivi, hata kwa kukimbia. Watoto nitabaki nao." Mkubwa akasema na yeye anakwenda. Swali akaanza kulia kwamba kama baba anaondoka na yeye haoni mamba. Nikasema tumwone mamba kwanza, ni robo saa tu, kisha twende wote, tusimame kwenye foleni yako kama ulivyotaka.

Mamba alichelewa kula. Yule bwana alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Saa kumi kasoro robo filimbi ya basi. Kiongozi akasema anayebaki abaki, lakini hoteli ipo saa tatu kutoka hapo na mizigo imo ndani ya basi. Nilisimama kwenye ngazi za basi, mguu mmoja chini. Watu thelathini na wawili walikuwa wananitazama. Nikapanda. Njiani mkubwa akaniuliza, "Kwani bibi ni kivutio cha ngapi?" Mke wangu hajasema nami sana tangu siku ile.

Nilidhani siku ya tatu ningepata gari la kunirudisha. Siku ya tatu ilikuwa daraja, kobe na ule ua wa miti, na tulipotea kweli.

Vyote vinane tumeviona, mama. Vilikuwa vizuri kama ulivyosema. Nisamehe. Mwakani nitakuja peke yangu, huko kwa mama mkubwa, hata kwa miguu.

Mwanao


Tarehe 30 Septemba

Mwanangu,

Hamjambo. Mimi sijambo.

Nafurahi mamba alikula. Swali kukaa kimya dakika nne si jambo dogo, mwambie nimemsifu, na mpiga kasia amemsifu. Amenieleza alikaa wapi kwenye mashua na alivaa nini. Mkwe wangu mwambie aseme nawe, nyumba haikaliki hivyo.

Kosa si lako peke yako. Miaka ishirini na miwili nimejua kwamba kampuni za safari huingilia geti la mashariki, mimi mwenyewe nimewaelekeza madereva wao mara ngapi. Ulipoandika umelipia kampuni nilisoma neno tunakuja, sikusoma mengine. Na vivutio vinane niliviandika mimi. Vingekuwa viwili mngekuja na gari lenu.

Siku ile nilikaa mpaka saa kumi na moja, nikiangalia masikio.

Ufunguo wa dirisha nimeurudisha leo asubuhi. Basi ni kesho alfajiri, mizigo ni masanduku mawili. Kabla ya kumkabidhi Meneja nilitembea kutoka geti la mashariki hadi dirishani, nikiwa na saa mkononi. Ni dakika nne.

Mama yako