Programu Iitwayo Dima

Bariadi,
Jumamosi jioni

Mama Kabula, mke wangu,

Niambie kwanza habari za kifua chako. Umeandika kwamba kikohozi kimepungua, lakini nakujua: kwako ugonjwa umepona siku unapochoka kuulalamikia. Kabula na mdogo wake wanaendeleaje na shule? Mama mkwe amesharudi kutoka Kilosa? Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, naitikia "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana kwa kila ninayekutana naye, na mtu akiniangalia hatadhani lolote. Ndani ndiko hakujatulia.

Umeniuliza kama uandike barua ya kuacha ualimu, ili shule zikifungwa uje huku na watoto tuishi pamoja. Naomba usiiandike. Usidhani nimepata mwanamke mwingine. Kwa hali niliyonayo hata mwenyewe sijitoshi. Soma, utanielewa.

Unajua kwamba kiwanda hiki cha kuchambua pamba kina kompyuta moja, ipo chumba cha mizani, na nimekabidhiwa mimi. Mchana inapokea uzito wa magari ya pamba. Jioni wenzangu wakiondoka naitumia kuandikia zile makala zangu za gazeti, kwa lile jina la kubuni. Ya mwisho ilihusu dawa ya pamba. Niliandika kwamba makampuni yanamuuzia mkulima maji yenye harufu. Funza wa vitumba anayaoga, anaendelea kula, na mkulima akilalamika anaambiwa soko ni huria, si angenunua kwingine. Kwingine wapi, wakati wauzaji wote wanachota pipa moja? Sijutii hata koma ya makala ile. Ila mwajiri wangu ni mmoja wa wauzaji hao, na nimeiandika kwenye kompyuta yake.

Namaanisha hivi. Wiki iliyopita meneja aliingia chumbani asubuhi, akasimama nyuma yangu akisubiri mashine iwake. Inachukua muda, unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi.

"Inawaka kama kuni mbichi," akasema. "Imejaa takataka zinazoanza zenyewe. Zipunguze."

Punguza. Hilo ndilo neno walilonitolea kazini kiwandani Morogoro, mimi na wenzangu, walipouza kile kiwanda cha umma. Miaka yote nimelipiga vita kwa kalamu, leo napewa kisu nipunguze wengine. Nilijicheka, nikaanza.

Kazi yenyewe si ngumu. Kuna mahali ndani ya mashine unafungua orodha ya programu zote zinazoamka pamoja nayo bila kuitwa na mtu. Kila moja ina kisanduku chenye tiki. Ukiiondoa tiki, kesho yake programu ile haiamki. Tatizo ni majina. Mengi ni herufi zilizokusanywa tu, kama namba za magari. Nikawa natoa tiki moja, nawasha upya, naangalia kama kuna kilichoharibika. Katikati ya orodha nikakuta moja inaitwa DIMA.

Wewe Kisukuma chako hakijavuka salamu, kwa hiyo nikueleze. Kudima ni kuchunga ng'ombe. Ukimshika mnyama asiponyoke, nako ni kudima. Nimedima ng'ombe wa baba pale Sola utoto wangu wote, najua kazi hiyo ilivyo: unatembea nyuma, kimya, na hakuna mnyama anayeinua kwato usimwone. Sasa nikajiuliza, nani ameweka mchungaji ndani ya mashine hii? Na anamchunga nani, kama si mtu pekee anayekaa mbele yake?

Nilimkumbuka karani aliyekuwa hapa kabla yangu. Aliwaambia wakulima wawili watatu kwamba dawa haifai. Aliitwa ofisini "kuongea kidogo", akatoka bila kazi, na hakuna kiwanda mji huu kilichomchukua tena. Leo anasukuma baiskeli ya mkaa, na mimi humpita njiani nikimsalimia haraka haraka. Nikafikiri: nikiitoa Dima, aliyeiweka atajua nimeiona. Nikiiacha, kila neno langu linatembea mbele ya fimbo. Nikaitoa.

Chini yake kulikuwa na nyingine, inaitwa MSAADA. Hiyo sikuigusa. Nilijiambia, mashine ikinikwama nitahitaji msaada.

Asubuhi gari la kwanza la pamba lilipanda kwenye mizani, na kioo cha kompyuta hakikuonyesha uzito wowote. Nikazima, nikawasha. Hakuna kitu. Magari yakapangana hadi nje ya geti, na mawingu nayo yakawa yanakusanyika upande wa ziwa, pamba iko wazi juu ya magari. Mama mmoja mkulima, aliyekuwa amekaa juu ya marobota yake tangu alfajiri, akaniita dirishani.

"Baba, mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu."

"Hiyo mashine yako imelala au imekufa? Kama imekufa tuambie, tuanze kulia."

"Ngojeni, fundi yuko njiani."

"Mizani ya jiwe haikuwa na fundi," dereva mmoja akadakia.

"Ndiyo maana ilituibia bila kuchelewa," yule mama akamjibu, na watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Meneja alikuwa amesimama barazani, ananitazama.

Fundi alifika na basi la Mwanza mchana. Anaitwa Nestori, mtu wa Songea, mwembamba, mwenye maneno mengi. Alifungua ile orodha, akanigeukia.

"Mzee, nani ametoa tiki kwenye Dima?"

"Mimi. Niliambiwa nipunguze."

"Sasa katika upuuzi wote huu ukaenda kuchinja mizani?"

"Mizani?"

"Dijitali mizani. Dima. Nilifupisha mwenyewe."

Nikamweleza maana yake kwa Kisukuma. Alicheka hadi akashika meza. "Mimi ningejuaje? Kwani ulidhani inachunga nini?"

Niligeuka kuangalia kama meneja bado yuko barazani, na nadhani hapo ndipo nilipomjibu. Aliacha kucheka. Akautazama mlango, akashusha sauti.

"Aliyeniagiza niweke ya kuchunga hakutaka iitwe kuchunga." Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya neno MSAADA. "Kila unachobonyeza inaandika. Mwisho wa mwezi mimi nachukua kwenye diski, nampelekea."

"Umeshampelekea?"

"Mara moja. Sijui kama husoma."

"Itoe, Nestori."

"Nikiitoa nitaulizwa mimi, mzee wangu. Nina watoto." Akairudishia Dima tiki yake, mizani ikasoma, akafunga mkoba.

Mama Kabula, mimi ndiye niliyeandika miaka yote kwamba msaada ukiingia nyumbani bila kubisha hodi, kwanza uupekue mifuko. Nikaupita huu nikiuamkia.

Jioni meneja alinifuata akitabasamu. Alinipa pole na kazi. Akasema, "Jumatatu pitia ofisini kwangu tuongee kidogo."

Labda ni habari ya mizani tu. Pamba ya watu wawili ilinyeshewa, ana haki ya kuuliza. Najiambia hivyo, halafu nasikia lile "kidogo". Jana nilikaa mbele ya mashine na sikubonyeza herufi moja ambayo si ya kazi. Nimefikiria kuifuta makala niliyokuwa nimeianza, lakini kule kufuta nako kutaandikwa.

Kwa hiyo shikilia kazi yako. Mshahara wako sasa ndio ukuta wa nyumba yetu. Na ukinijibu usitumie sanduku la posta la kampuni. Andika kupitia kwa dada yangu Minza, pale Nyalikungu, atanifikishia.

Nimeisoma upya barua hii kabla ya kuifunga. Nimeiandika kwa mkono, chumbani kwangu, mlango umefungwa, inakuja kwa mke wangu. Na bado meneja sijamtaja jina, wala kampuni, wala gazeti. Sikukusudia, mkono ulipita kando wenyewe. Nimejaribu sasa hivi kuliandika jina lake hapa chini, ili angalau wewe ulijue likitokea la kutokea. Nimeishika kalamu mpaka wino umeacha doa, hilo unaloliona. Nitakwambia tukionana.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa yake ya miguu naitafuta. Nisalimie mdogo wako Tumaini, fundi cherehani, na shemeji yangu dereva. Watoto wabusu, usiwaambie haya. Na mwalimu mkuu wako mpe salamu zangu za heshima, mwambie huhami.

Mumeo anayekuombea, nawe umwombee,

Baba Kabula