Jongoo wa Kaniki

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe ungelijua hilo kwa jinsi ninavyoikandamiza kalamu. Jana nilikwenda kuangalia filamu mpya ya yule jongoo wa katuni. Sasa hachorwi tena. Wamemfanya jongoo wa kweli, kila pingili inang'aa, kila mguu una kivuli chake. Nilirudi nyumbani kuandika makala ya kuwachana waliomtengeneza. Badala yake nimeanza na jina lako.

Unakumbuka gari la sinema lilipokuja Mnazi Mmoja? Jongoo yule mchoyo alinunua viatu vya duka zima, halafu akashindwa kuamua avae kipi kwanza. Kariakoo yote ikawa inamwigiza. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alipotaka kila nyumba itoe mchezo kwa sherehe ya mtaa, wenzetu wakachagua ngonjera. Sisi watoto wa wapangaji tukasema tutakuwa jongoo.

Ukaomba kaniki kwa akina mama wa nyumba nzima, ukaziunganisha kwa cherehani pale barazani hadi zikawa joho refu jeusi. Tukaingia chini yake, kila mmoja ameshika kiuno cha mwenzake. Tulikanyagana, tukaanguka, tukalaumiana.

"Shuleni asubuhi mnakimbiaje?" ukauliza.

"Mchakamchaka!"

"Haya, mchakamchaka."

Jongoo akaondoka kama treni, mpaka mguu wangu wa kushoto, huu uliodhoofishwa na polio, ukakataa. Nikaanguka, na wa nyuma wote wakaniangukia. Eliaichi, mtoto wa Mangi mwenye duka la mbele, ndiye aliyekuwa kichwa. Akachomoza.

"Mama Rehema, huyu mtoe. Jongoo gani ana pancha?"

"Na jongoo gani ana kamasi? Pangusa."

Walicheka wote isipokuwa mimi. Kisha ukaniita nitoke. Nilijua umekubaliana naye, nami nitakaa barazani kuwalindia wenzangu kandambili.

"Tembea peke yako hadi kisimani, urudi," ukasema.

Nikatembea huku nikilia. Ukachukua sinia, ukawa unalipiga kufuata hatua zangu: moja nzito, moja nyepesi ya kuburuta. Niliporudi ulikuwa umeshapata mdundo, na mabega yako yanacheza.

"Ngoma ni hii. Wote fuateni mwendo wa Rehema."

"Lakini kwenye sinema hatembei hivyo!" Eliaichi akalalamika.

"Wa kwenye sinema hakai nyumba hii."

Siku ya sherehe, chini ya zile kaniki zenye harufu ya udi na vitunguu, nilimshika Eliaichi kiuno. Sikuogopa kuanguka. Niliogopa ule mcheko ninaoujua, ule wa watu wanaotazama mguu. Sinia likalia. Jongoo akatoka uani akichechemea mwili mzima. Halafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi, moja zito, moja jepesi, na mtaa wote ukadaka. Walipocheka, walimcheka jongoo mchoyo aliyekuwa akigombania katambuga la tairi la Mangi. Hakuna mtazamaji aliyejua ule mwendo ulitoka kwa mguu wa nani. Eliaichi alijua. Akageuka mle gizani chini ya kaniki akaninong'oneza, "Usiharakishe, utatupoteza."

Gari la sinema liliporudi, jongoo wao akapita kwenye kitambaa cheupe mbio mbio, miguu yote sawasawa. Katoto kamoja mbele yetu kakasimama, kakapiga kelele: "Siye huyo! Mbona hachechemei!" Watoto wa Kariakoo wakamuunga mkono, wakamzomea jongoo wa watu hadi mwenye kipaza sauti akatubembeleza tukae. Wewe ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Watengenezaji wa filamu ile mpya nilitaka kuwaita wezi wa ndoto. Nimeghairi. Wamehangaika na kila pingili, maskini, na huenda walimpenda jongoo kama sisi. Ila hawakuwa na uani wetu, wala mtu wa kuwauliza jongoo huyo anakaa nyumba ipi.

Jana ukumbini, mama, taa zilipowaka niliinuka na fimbo yangu, nikashuka ngazi taratibu. Nyuma yangu nikasikia watu wamepunguza mwendo. Nikapiga ubavu wa kiti kwa vidole: moja nzito, moja nyepesi.

Lala pema, mama. Sinia lako ninalo mimi.

Binti yako,
mguu wa kushoto wa jongoo.