Bibi Kamaliza Dozi

Itigi, Jumanne

Kumbe miaka yote nimewagombeza wagonjwa bure. Leo Bibi Mwajuma karudi zahanati presha iko juu, miezi miwili hajameza kidonge. Safari hii nikamuuliza tu kwa nini.

"Si nilimaliza dozi, mjukuu wangu? Ya malaria mbona huwa inaisha?"

Neno hilo tumempa sisi wauguzi: "Bibi, dozi yako hii hapa."

Nikamwambia dawa ya presha ni kama ugali, unakula leo na kesho unakula tena.

"Sasa mbona hamkusema? Ugali mimi sijawahi kuacha."

Kesho kikaoni nitaomba tuliache neno hilo la dozi. Watanicheka. Lakini nawaza ni wangapi huko majumbani wametulia, wakijua wamemaliza dozi.