Kadi za Kurasa Zisizo na Rafu

Jumatatu, 6 Julai 1998
Baridi. Vidole vimekakamaa, kadi nne tu kabla ya chai. Zote za kurasa za intaneti. Laini ya simu ilikatika mara tatu. Jina la ukurasa, aliyeutengeneza, ulitengenezwa lini, mimi niliuona lini, unamfaa nani. Anwani naiweka mwisho.
Zimefika sitini na mbili. Katika maktaba nzima ya chuo hakuna anayejua ila mimi na droo ya meza yangu.

Alhamisi, 9 Julai
Amejua. Bwana Gathogo, mkuu wa maktaba, alikuja kutafuta gundi, akafungua droo. Akasoma kadi tatu amesimama.
"Hii kitu haina rafu, Wanjira. Ati unaiandikia kadi ya nini?"
Nikamwambia msomaji anahitaji kujua ni kitu gani kabla hajakifungua. Akasema anwani inatosha. Yeye ana daftari la anwani, moja kila mstari, bila neno lingine. Ndilo watakaloonyeshwa wageni kutoka Nairobi Jumatano. Hao ndio watakaoamua kama chuo kitabaki na intaneti.
Nimekatazwa kuandika kadi nyingine. Miaka kumi na moja hapa! Nimekasirika.

Ijumaa, 10 Julai
Hakuna kadi. Nimenuna siku nzima.

Jumanne, 14 Julai
Mchana nilijaribu anwani tano za daftari. Mbili hazifunguki. Kurasa zimehamishwa. Nikamwambia Bwana Gathogo. Akasema ni shida ya laini, kesho itakuwa sawa.
Si laini. Naogopa.

Jumatano, 15 Julai
Tumeshinda!
Wageni watatu. Kiongozi wao, mama wa makamo, hakutaka hotuba. "Niko na mkulima huko Wamagana, viazi yake inanyauka. Nionyesheni kitu atasoma."
Bwana Gathogo akafungua daftari. Anwani ya viazi ni ipi? Hakujua. Akabahatisha. Ya kwanza, kuku. Ya pili haikufunguka. Ya tatu pia. Jasho, na baridi ile yote.
Nikavuta droo. Viazi, kunyauka: kadi moja. Anwani yake nayo ilikuwa imekufa. Lakini kadi ilikuwa na jina kamili la ukurasa na la waliouandika. Nikayaingiza kwenye kisanduku cha kutafutia. Tukasubiri. Ukaja! Anwani mpya, na ulikuwa umerekebishwa mwezi uliopita. Nikaandika anwani hiyo na tarehe kwenye kadi, mbele yao.
Mama yule akaichukua, akaisoma pande zote mbili. "Nani ameandika hii?"
Aliyejibu ni Bwana Gathogo. "Ni huyu Wanjira. Na mimi nilikuwa nimemkataza."
Hakulazimika kusema hivyo. Kwa hilo nitamheshimu.
Laini inabaki. Kila anwani ya daftari itaandikiwa kadi, kwa mtindo wangu, na msimamizi ni mimi. Nimetembea hadi mtaa wa Skuta nikicheka peke yangu. Watu walinitazama. Watazame.

Jumapili, 19 Julai
Ukungu. Kanisani, kisha nyumbani. Mama aliniuliza kazi hii mpya ni ya kufanya nini hasa. Nikaeleza. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Ni vizuri," akanisogezea ungo wa njahi, yale maharagwe meusi. Tukachambua pamoja hadi zikaisha.