Mama Mapacha Amekaa Nyuma Yangu

4 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na kuinamia cherehani kutwa? Mimi ni mzima, ila roho iko juujuu. Ule uvimbe wa tumboni wa mwanangu umekataa dawa, na mwezi ujao atapasuliwa. Nimewaambia manesi wote kwamba dada yangu ni kiongozi wa maombi, na akipiga magoti mbingu haziwezi kujifanya hazisikii. Sala zangu mimi unazijua, ni za kubabaisha. Niombee, dada. Nakutegemea wewe.

Mdogo wako

23 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili haujambo, mgongo ni uleule. Samahani kwa kuchelewa, hapa pana jambo. Kikundi chetu cha maombi kimepata mgeni, tunamwita Mama Mapacha. Ni mpole kupita kiasi, na mtu mpole kupita kiasi mimi simwamini. Tangu aanze kukaa kiti cha nyuma yangu, sala zangu zimekauka. Maneno yanatoka, lakini ni kama namsomea mteja bei za vitambaa. Nikahama kiti, naye akahama! Ati kule feni inampiga. Feni gani, na umeme umekatika?

Jumatano nilijifanya nimepaliwa katikati ya sala, nione nani atafurahi. Yeye ndiye aliyekimbia kuniletea maji. Sikuyanywa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Barua yako nimeisoma nikairudia, nikimtafuta mwanangu ndani yake. Hayumo. Umeniandikia habari za feni!

Mimi si mtoto, dada. Kuna kitu unanificha. Kama ni ile cherehani ya marehemu mama niliyoiuza bila kukuuliza, sema, unitukane, yaishe. Usimwadhibu mtoto kwa kosa langu. Unamwombea, au humwombei? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe mgonjwa wetu pole. Cherehani nilishaisahau, usinikumbushe nikaanza upya.

Namwombea. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka napiga magoti kati ya marobota ya vitambaa, namtaja, na sisikii chochote moyoni. Ni hivyo tangu kabla ya Pasaka, kabla Mama Mapacha hajaijua hata njia ya kanisani. Nilimshuku yeye, nikamshuku mchungaji, nikakushuku na wewe kwamba umeninung'unikia kwa Mungu. Kumbe aliyestahili kushukiwa ni mimi, niliyezoea kusikia watu wakiitikia "amina" nikadhani ndiyo sauti ya Mungu. Nimeona aibu, mdogo wangu, na nilikuwa naogopa kukuambia kwa sababu umenitegemea.

Jumatano iliyopita waliponiita kufungua kwa sala, nikasema, "Leo sina kitu. Niombeeni." Wakatazamana. Nina hakika sasa wananong'ona nimetenda dhambi gani, na mhazini tangu siku hiyo ananisalimia huku ameukumbatia mfuko wa sadaka. Mama Mapacha akaja mbele, akapiga magoti kando yangu. Nikajiandaa kusikia maombi marefu ya kunionyesha. Akasema, "Bwana, huyu naye amechoka," akaishia hapo. Nilimwonea wivu, halafu nikalia.

Usije ukadhani ukavu umeisha. Jana ulikuwepo, leo upo. Bado napiga magoti, na bado namtaja mwanetu. Siwezi kukuahidi kwamba mbingu zimefunguka.

Duka nimelifunga. Nitafika kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Manesi usiwaambie kwamba kiongozi wa maombi amekuja, watanikalisha kitini waanze kuniletea wagonjwa. Waambie ni mama mkubwa wa mtoto, amekuja kufua mashuka.

Dada yako